UZI: Kimbunga kimepiga kisiwa cha Karibiani na simu hazishiki. Habari za ndugu zinapatikanaje, na msaada unafikaje mlangoni?

#1 Kaskazi_Matlai (mleta uzi)

Wakuu, msimu wa vimbunga kule ni Juni mosi hadi Novemba 30, na swali ni lile lile kila mwaka: "Kimbunga kimepita kisiwani, nina ndugu kule, tangu jana hapatikani, nifanyeje?" Majibu yametapakaa huku na huku, basi tuyakusanye hapa. Nitaegemea Dominica (Maria, 2017) na Carriacou ya Grenada (Beryl, 2024), maana kwenye kisiwa kidogo unaona waziwazi mnyororo wa habari na msaada unakatikia wapi. Wenye watu Jamaika na Haiti waongezee.

Tuanze na saa, hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Visiwa vya mashariki mwa Karibiani viko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 7, Jamaika kwa saa 8. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kule Miami (NHC) hutoa taarifa kamili mara 4 kwa siku, na kwa saa zetu zinaangukia saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Kisiwa kikiwa chini ya tahadhari, katikati yake huingia taarifa fupi, kwa hiyo unapata kitu kila baada ya saa 3. Ila NHC wanafuata kimbunga. Kikishavuka kisiwa wanaondoka nacho, na wewe ukiendelea kufungua ukurasa wao utajua jicho limefika wapi baharini, hutajua lolote la nyumba iliyoachwa nyuma.

Maria ilitua Dominica ikiwa daraja la 5, la juu kabisa, Jumatatu tarehe 18 Septemba 2017, kama saa tatu na robo usiku kwa saa ya kule. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na robo alfajiri ya Jumanne. Waziri Mkuu Roosevelt Skerrit alikuwa akiandika Facebook huku paa la nyumba yake likiondoka. Baada ya hapo, kisiwa cha watu wapatao 70,000 kikanyamaza. Alhamisi ya tarehe 21 ndipo alipozungumza kwenye televisheni ya Antigua. Huyo ni mkuu wa serikali! Sasa shangazi yako aliyeko kijijini La Plaine utamtarajia Jumanne asubuhi? Kwa saa 72 za kwanza kimya kinakupa habari za minara tu. Usitangaze msiba, na usianze matanga.

#2 Fundi_Minara

Naongezea hapo kwenye minara, kwa sababu watu hudhani mnara ukianguka ndio basi. Minara mingi hubaki imesimama. Kinachokufa kwanza ni umeme. Betri za mnara wa kawaida hubeba saa 4 hadi 8. Wenye jenereta hupata siku 1 hadi 3 kulingana na tangi, halafu lazima gari la dizeli lipande mlimani, na barabara imezibwa na miti na udongo. Ndiyo maana mtu anakuambia "jana nilimpata, leo simpati": kimbunga kilishapita, mafuta ndiyo yamekwisha.

Cha pili ni njia ya kutoka mnarani. Dishi la maikrowevu (linalorusha mawimbi toka mnara hadi mnara) likizungushwa na upepo digrii chache tu, halilioni tena dishi la upande wa pili. Faiba ikiwa imetundikwa kwenye nguzo za umeme, inalala chini pamoja na nguzo. Hapo simu inaonyesha vijiti vyote vya mtandao na haipigi popote nje ya kijiji. Puerto Rico 2017 takwimu za mamlaka ya mawasiliano ya Marekani zilionyesha minara zaidi ya 95 kwa kila 100 imezimika baada ya Maria.

Kwa aliye nje, mambo ni machache. Tuma SMS, usipige. SMS hukaa kwenye foleni na kuingia simu ikishika mtandao hata kwa dakika moja, ila simu ya kawaida ikikosa njia inakufa hapo hapo. Iandike bila emoji: ujumbe wa herufi za kawaida unabeba herufi 160, ukiweka emoji moja tu unashuka hadi 70 na kukatwa vipande viwili, na kipande kimoja kikipotea haisomeki. Omba jibu la herufi moja na tarakimu, kwa lugha anayoijua. Mfano: "Jibu S kama mko salama, J kama kuna majeruhi, kisha idadi yenu." Mtu mwenye chaji asilimia 3 anaweza kuandika S4. Hawezi kuandika barua.

Usirudie kutuma kila dakika kumi. Mtandao ukirudi, zinaingia zote kwa mpigo na kumla chaji. Na kabla ya kimbunga kufika (hili liseme mapema) patana naye awashe simu saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni kwa saa yake, dakika 15 tu, kisha azime. Simu inayotafuta mtandao usipokuwepo huisha betri haraka kuliko unavyodhani.

Aliye Dominica kusini karibu na Scotts Head anatazamana na Martinique, aliye kaskazini anatazamana na Guadeloupe. Simu hudaka mtandao wa visiwa hivyo vya Ufaransa ng'ambo ukipanda mahali pa juu, mradi aliwasha huduma ya kutumia laini nje ya nchi.

#3 Mdadisi_Pwani

Mkuu, siku hizi si kuna Starlink, intaneti ya setilaiti? Mambo ya minara yanaisha.

#4 Fundi_Minara

Hayaishi. Dishi la kawaida linakula wati 75 hadi 100, dogo la Mini wati 25 hadi 40. Kwa saa 24 la kawaida ni kama wati-saa 2,000. Betri ya gari ya Ah (ampea-saa) 60 haikupi hata saa 5 ukitaka iwake tena kesho. Na lililofungwa juu ya paa limeondoka na paa. Linalosaidia ni lile lililoshushwa na kufungiwa ndani kabla ya upepo, likatolewa baadaye na kuwashwa saa mbili kwa siku kwenye kituo cha afya au shule, kijiji kizima kitume salamu kwa zamu. Hapo linafanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote, sikatai.

#5 Mita_Arobaini

Nilisubiri mtu aitaje redio, naona haitajwi. Taarifa za kwanza kutoka Dominica 2017 zilitoka pia kwa wapiga redio wa ridhaa, wale wenye leseni na mitambo yao nyumbani. Mtandao wao mkubwa, Hurricane Watch Net, upo tangu 1965: masafa ya 14.325 MHz mchana, 7.268 MHz usiku. Visiwa vyenyewe vina mtandao wao kwenye 3.815 MHz.

Huhitaji redio kusikiliza. Kuna vipokezi vilivyounganishwa na intaneti (tafuta KiwiSDR au WebSDR), chagua kilichoko Karibiani au mashariki mwa Marekani, andika masafa, kwenye aina ya mapokezi (mode) chagua LSB kwa 7 na 3.8, USB kwa 14. Utasikia kelele na namba nyingi. Wanachosoma mwanzoni ni upepo, mgandamizo wa hewa na barabara. Majina ya watu huja baadaye. Usidai, na ukiwa na leseni usirushe sauti pale mpaka uitwe.

Ujumbe wa kuulizia mtu una utaratibu wake. Kinachopewa kipaumbele ni kinachotoka kisiwani kwenda nje: "tuko salama, watu wanne, paa limeondoka." Maulizo ya kuingia hukaa mwisho wa foleni, kwa sababu kila ulizo moja linamlazimu mtu atembee kwa miguu kutafuta nyumba. Kwa hiyo ulizo likitoka, lisiwe la "namtafuta dada Maria wa Dominica". Jina kamili, jina analoitwa mtaani, kijiji, alama ya karibu (kanisa, duka, daraja), namba yake, namba yako. Maneno 25 yanatosha, ndicho kipimo cha fomu zao.

Kwa wanaotaka kuandaa kituo kisiwani, na hapa nitakaa kidogo. Ukitaka kuzungumza na kisiwa jirani umbali wa kilomita 50 hadi 400, antena ndefu juu angani haikusaidii. Unataka mawimbi yapande wima na kurudi kama mvua. Waya wa mita 40 (hilo ni jina la masafa ya 7 MHz, si urefu wake) una urefu wa mita 20 jumla, yaani 10 kila upande, umefungwa mita 3 hadi 5 tu kutoka ardhini. Hata nguzo za nguo zinatosha. Kwa 3.815, yaani masafa ya mita 80, ni mita 18.7 kila upande. Mchana tumia mita 40, usiku hamia 80.

Umeme: redio ya wati 100 inakula kama ampea 20 ikirusha na ampea 1.5 ikisikiliza. Kusikiliza saa 20 ni Ah 30, kurusha saa 1 kwa jumla ni Ah 20. Tayari 50, na betri ya asidi ya Ah 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu. Kwa hiyo betri moja ni siku moja. Paneli ya wati 200 inarudisha Ah 50 na kitu kwa siku yenye jua, ila siku mbili za kwanza baada ya kimbunga mawingu huwa bado yapo, kwa hiyo andaa betri mbili.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni waya mwembamba. Mita 5 za waya wa 2.5 mm², kwenda na kurudi, kwa ampea 20 zinapoteza volti 1.5. Betri ina 12.6, redio inapata 11.1 na inajizima kila ukibonyeza kuongea, maana nyingi hukataa chini ya 11.7. Mtu anadhani redio imeharibika, anafungua, anaharibu kweli. Weka 10 mm², upotevu unashuka hadi 0.4. Viungio vya antena vifunge mpira na utepe kabla ya kimbunga, maji ya chumvi yakiingia kwenye kebo hayatoki.

#6 Mdadisi_Pwani

Asante mkuu. Hiyo ya waya wa chini unaorusha mawimbi wima inafaa Mafia pia? Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitutisha.

#7 Mita_Arobaini

Inafaa. Kutoka Mafia hadi Dar es Salaam ni umbali wa antena ya chini kabisa. Leseni ni TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), anza sasa, usisubiri msimu.

#8 Jicho_la_Juu

Upande wa picha na ramani. Siku ya kwanza au ya pili mawingu yanafunika, kwa hiyo usitegemee picha ya setilaiti ya kawaida. Baada ya hapo Copernicus ya Umoja wa Ulaya hutoa ramani za uharibifu bure, jengo kwa jengo, zenye rangi za kuonyesha kiwango cha uharibifu. Zisome kwa akili: setilaiti inaona paa tu. Nyumba ambayo ukuta umepasuka na paa limebaki inaweza kuandikwa haijaguswa. Nyumba isiyo na paa huonekana imekwisha, kumbe watu wako salama chumba cha chini cha zege. Ramani inakuambia mtaa umeumia kiasi gani, haikuambii nani amekufa.

Kuna dalili nyingine ambazo hazidanganyi. Fungua programu ya kufuatilia ndege uone kama kuna kinachotua. Dominica ina viwanja viwili, Douglas-Charles kaskazini-mashariki na Canefield karibu na mji mkuu, Roseau. Baada ya Maria vyote vilifungwa na helikopta ndizo zilizotangulia. Ndege ndogo za abiria zikianza kuonekana, jua barabara ya kutoka uwanjani imepitika na siku moja mbili zijazo msafiri atatoka na barua za watu. Meli nazo zina ramani yake. Boti ikitoka St. George's (mji mkuu wa Grenada) kwenda Hillsborough (mji wa Carriacou) na kurudi siku hiyo hiyo, gati la Carriacou linafanya kazi.

Video za uongo. Njia ya haraka ni kutazama majani. Upepo wa daraja la 4 na 5 unachuna miti: milima ya Dominica iligeuka kahawia usiku mmoja, kama imeungua. Ukiletewa video ya "Dominica leo" yenye migomba iliyosimama na kilima cha kijani, ni ya mwaka mwingine au ya nchi nyingine. Majani mapya huanza baada ya wiki kadhaa.

Halafu watu wanaweza kuwa hawapo kabisa kisiwani. Baada ya kimbunga Irma, Septemba 2017, Barbuda ilihamishwa yote kwenda Antigua. Aliyeendelea kupiga simu Barbuda alikuwa anapigia kisiwa kitupu. Kwa hiyo uliza kwanza: wamehamishiwa wapi? Orodha za makazi ya muda ziko kwa ofisi ya maafa ya nchi na Msalaba Mwekundu. Msalaba Mwekundu wa nchi uliyopo wewe ndio unaopokea ombi la kutafuta ndugu, huna haja ya kuipata ofisi ya kule.

#9 Bohari_Kuu

Habari mmemaliza vizuri, tuje kwenye mzigo. Na nitasema wazi: msaada mwingi wa watu wema unaishia kuziba bandari.

Kwa visiwa vinavyozungumza Kiingereza, mratibu ni CDEMA, shirika la maafa la Karibiani, makao yake Barbados, na kila nchi ina ofisi yake ya maafa. Jamaika ni ODPEM. Ofisi hiyo hutoa orodha ya mahitaji, na orodha hubadilika kila siku chache. Ya siku ya 2 ina turubai na maji. Ya siku ya 10 ina misumari, mbao na mabati. Mzigo wako wa baharini utafika siku ya 20 au 30, kwa hiyo nunua kwa orodha itakayokuwepo utakapofika. Nguo usipeleke, huwa zinajaa.

Hesabu ya maji ya chupa niifanye mara moja ili tusirudie. Carriacou ina watu kama 9,000. Kipimo cha dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku, pamoja na kupika na kuoga. Hizo ni lita 135,000, yaani tani 135 kila siku. Kontena la futi 20 linabeba tani 20 na ushee. Makontena 6 hadi 7 kwa siku, kwenye gati moja, bila umeme wa kreni. Haiwezekani. Ila kilo 31 za unga wa klorini wa asilimia 65 zinatibu lita milioni 10 kwa kipimo cha miligramu 2 kwa lita. Kilo 31 mtu anazibeba begani. Tuma kinachotengeneza maji.

Jenereta: angalia volti kwanza. Dominica na Grenada ni volti 230, hezi 50, plagi ya pini tatu bapa kama za kwetu. Jamaika ni volti 110 na hezi 50. Puerto Rico 120 na 60. Antigua 230 lakini hezi 60. Jenereta ya volti 230 ikifika kliniki ya Jamaika ni chuma cha kukalia. Iwe imemwagwa mafuta na oili kabisa, la sivyo ndege haiichukui. Na weka vichujio 2 vya oili, plagi za moto na lita 4 za oili pembeni kwa njia ya bahari, maana jenereta mpya inataka kubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza na hapo ndipo nyingi zinapofia.

Karatasi: mpokeaji awe taasisi iliyosajiliwa kule, si "wananchi wa Dominica". Orodha ya vitu kwa kila boksi, idadi, uzito, thamani hata kama ni zawadi, na barua ya zawadi. Msamaha wa ushuru hutangazwa kwa muda maalumu na kwa bidhaa maalumu. Ukichanganya turubai 200 na televisheni moja ya mjomba kwenye kontena moja, kontena zima linakaa.

Na hapa ndipo uzi huu unaponifurahisha, maana habari na mzigo ni kitu kimoja. San Juan, Puerto Rico, 2017, maelfu ya makontena yalikaa bandarini yakiwa yamejaa chakula na maji. Malori yalikuwepo. Madereva walikuwa majumbani, hawana mafuta, barabara zimefungwa, na hakuna aliyeweza kuwapigia simu kuwaita.

#10 Mama_Pipa

Kaka Bohari, nakuheshimu lakini usitupe mapipa na makontena kapu moja. Wakaribiani walioko London, Toronto na Brooklyn wanatuma mapipa mwaka mzima, kimbunga kiwepo kisiwepo. Njia ipo, mawakala wapo, mpokeaji ana jina. Pipa la galoni 55, kama lita 208, likiandikwa jina la mtu linafika kwa mtu. Msaada wa jumla haufiki hivyo.

Upakiaji ndio unaoharibu. Chini weka misumari, nyundo, kamba na makopo. Kati weka mchele na unga, kila mfuko ndani ya mfuko mwingine uliofungwa. Juu weka taulo, sodo, nepi, tochi. Sabuni na dawa za kufulia zisikae na chakula hata kidogo: pipa linakaa juani wiki nne na mchele unakuwa na ladha ya sabuni, unatupwa wote. Kimiminika hapana. Betri zitoe kwenye tochi, zifunge peke yake. Jina na namba ya simu andika kwa rangi ubavuni na kwenye kifuniko, halafu weka karatasi yenye maneno hayo hayo ndani, juu kabisa. Mvua hufuta wino wa nje.

#11 Bohari_Kuu

Nimekubali dada yangu. Pipa lenye jina halizibi bandari. Ninachopinga ni kontena lisilo na mwenyewe.

#12 Papi_na_Kenchi

Turubai zimetajwa mara nyingi, hakuna aliyesema zinafungwaje. Ile ya kawaida ya msaada ni mita 4 kwa 6, familia hupewa mbili. Nyumba ya mita 6 kwa 8 yenye paa la mteremko ina kama mita za mraba 60. Turubai mbili ni 48, na ukiondoa mapishano hubaki pungufu zaidi. Kwa hiyo usijaribu kufunika nyumba yote. Funika chumba kimoja na nusu, kavu kabisa, watu na magodoro wakae humo.

Usifunge kwa kamba kupitia matundu ya pembeni peke yake. Upepo wa kawaida wa bahari unalipiga turubai kama tanga, mzigo wote unavuta tundu moja, linachanika usiku wa kwanza. Chukua papi ya inchi 1 kwa 2, viringisha ukingo wa turubai juu yake mara mbili, kisha pigilia papi hiyo kwenye kenchi, msumari kila sentimita 30. Turubai la juu lipishane na la chini sentimita 30, la juu liwe juu. Likaze kama ngoma. Likilegea panajikusanya maji, na lita 100 za maji ni kilo 100 juu ya mbao iliyokwisha tikiswa.

Mabati yaliyoruka yakusanyeni. Yaliyojikunja yananyooka kwa nyundo ya mbao, yanafaa jiko na choo, na huzuia watoto wasikatwe nayo vichakani.

#13 Birika_la_Mvua

Naomba nimkosoe kidogo Bohari kwenye klorini, si hesabu, ni mahali. Carriacou haina mto wa kudumu. Nyumba nyingi zinakinga mvua kutoka paani kwenda kwenye birika la zege chini au kando ya nyumba. Paa likiondoka, maji ya kesho yameondoka nalo. Kwa hiyo turubai la pili la huyo fundi hapo juu, mimi ningelitumia kukingia mvua: lifunge kwa mteremko, upande wa chini uwe na mfereji kwenda kwenye pipa. Mvua ya milimita 10 juu ya turubai la mita 4 kwa 6 ni lita 240. Toa upotevu, bado ni 190 hivi. Familia ya watu 4 inapumua siku tatu.

Birika lililobaki na maji msilimwage haraka. Yaonjeni kwa ncha ya ulimi: yakiwa na chumvi, rusho la bahari limeingia, tumieni kufulia tu. Yasipokuwa na chumvi, toeni majani na wanyama waliokufa, acheni yatulie, chotea juu. Kwa birika la lita 10,000, gramu 31 za unga wa klorini wa asilimia 65, ukorogwe kwanza kwenye ndoo na maji, usimwagwe mkavu. Subiri dakika 30. Harufu ndogo ya klorini ibaki, na mwenye kipimo atafute miligramu 0.5 kwa lita. Maji yenye tope yanakula klorini yote kabla haijaua kitu, ndiyo maana watu wanasema "tumeweka dawa na bado wanaharisha". Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne kwanza.

Kwa ndoo ya lita 20 kama kuna dawa ya madoa ya klorini tu, ile isiyo na manukato, ya asilimia 5 au 6: matone 40, yaani kama mililita 2. Maji yakiwa na ukungu, maradufu.

#14 Mdadisi_Pwani

Na pesa? Si rahisi kuliko haya yote?

#15 Bohari_Kuu

Ni rahisi ikiwa kuna mahali pa kununua. Wakala wa kutuma fedha anahitaji mtandao na noti. Grenada na Dominica hutumia dola ya Karibiani Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, kiwango hakijabadilika tangu 1976, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba "imepanda kwa sababu ya kimbunga". Njia inayofanya kazi wiki ya kwanza ni kutuma kwa mtu aliye upande usiopigwa: St. George's kwa ndugu wa Carriacou, Kingston kwa ndugu wa Westmoreland (magharibi mwa Jamaika), Antigua kwa Barbuda. Yeye ananunua dukani kule na kupakia kwenye boti au basi lenye kondakta anayemjua. Jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi.

Mtasikia pia kwamba "serikali imelipwa mamilioni". Ni kweli, mfuko wa bima wa CCRIF unalipa ndani ya siku 14 kwa kufuata nguvu ya upepo kwenye hesabu zao, bila kusubiri mtu ahesabu nyumba. Dominica ilipata kama dola milioni 19 mwaka 2017, Grenada milioni 44 mwaka 2024. Hizo ni za kuendesha serikali, mishahara na dizeli. Hazifiki kwa shangazi, usisitishe kutuma.

#16 Kaskazi_Matlai

Kuna waliouliza Haiti faraghani. Oktoba 2025 jicho la kimbunga Melissa halikutua Haiti, lakini mvua yake ilifurisha mto La Digue kule Petit-Goâve na watu wakafa. Kwa hiyo usitazame mstari wa jicho tu, tazama mvua na milima. Mwenye ndugu kati ya polisi wa Kenya waliopelekwa kule kupambana na magenge aulize makao makuu ya polisi ya Kenya.

#17 Birika_la_Mvua

La mwisho kwangu, kwa wenye watu Jamaika. Melissa ilitua Westmoreland tarehe 28 Oktoba 2025, na Novemba nchi ikatangaza mlipuko wa leptospirosisi, ugonjwa wa mkojo wa panya kwenye maji na tope. Kwenye pipa ongezeni mabuti ya mpira na glavu nene, saizi za watu wazima, kabla ya kuongeza biskuti. Homa kali, macho mekundu na maumivu ya misuli ya miguu ndani ya wiki moja hadi mbili baada ya kuzoa tope, ni hospitali siku hiyo hiyo na kumwambia daktari "nilikuwa kwenye tope", maana dalili zake zinafanana na dengi na dawa si moja.

#18 Mdadisi_Pwani

Mama Pipa, mabuti yanakaa chini au juu?

#19 Mama_Pipa

Kati. Ndani ya kila buti jaza misumari iliyofungwa kwenye soksi, nafasi isipotee.